Mahubiri Yasiyo na Jumatatu

9 Januari

Kwako Chiriku wangu,

Pokea salamu za shangazi yako kwanza, kisha zangu. Amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nimezipanga hivyo. Sisi huku wazima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za madhabahuni, ila likishafika juu linasahau. Shangazi yako amehamia chumba cha nyuma, anasema ninakoroma kama mashine ya kusaga. Paa la jikoni tumeliziba, sasa linavuja mahali pengine.

Wewe na mkwe wangu hamjambo? Na mgeni tunayemsubiri anaendeleaje? Shangazi yako anahesabu miezi kwa vidole, na kila akihesabu anapata jibu jingine, lakini anaapa kwamba kufikia mwezi wa nne nitaitwa Babu. Mwambie mkwe asikuache ubebe vitu vizito huko kiwandani. Kiatu kimoja ni chepesi, boksi zima ni mzigo.

Sasa habari yenyewe. Kanisa limenunua mashine ya kurekodi, na fundi redio wa mtaani anatoa nakala. Kaseti za mahubiri yangu zinasafiri mpaka miji ambayo miguu yangu haijaikanyaga. Juzi mtu nisiyemjua alinisimamisha sokoni akaniambia, "Mchungaji, sauti yako iko nyumbani kwangu kila asubuhi." Nikajifanya nimezoea.

Nakutumia moja. Ni mahubiri ya maziko ya binti wa fundi cherehani, yule wa karibu na posta aliyekushonea gauni la harusi. Mtoto alikuwa darasa la pili. Homa ilimshika, na kabla watu hawajajua anaumwa, amekwisha kwenda. Nilihubiri bila karatasi. Watu walilia hata wale wazee wa benchi la nyuma ambao kwa kawaida husinzia. Wanasema sijawahi kuhubiri vile tangu nianze. Sikiliza, kisha uniambie.

Mwalimu na Mkunga hawajambo. Siku hizi kila mtu ana shughuli zake.

Baba yako


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyingine mpe Shangazi, umwambie kukoroma kuko kwenye ukoo, maana hata mimi mume wangu ananishtaki. Barua na kaseti vilifika salama. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na mapumziko ya wiki kadhaa kwa ajili ya afya, na niliporudi kazini nilikuta kazi imenisubiri kwa hasira.

Mume wangu hajambo. Reli wamemwongezea zamu, lakini akirudi anapika yeye, ingawa chumvi yake haina kipimo. Mimi nimeomba kuhamishwa kutoka viatu vya watoto kwenda viatu vya wanaume. Msimamizi alinishangaa, kwa sababu huko ngozi ni nene na sindano inachoma vidole. Nikamwambia nataka mabadiliko tu.

Mashine yetu ya kaseti inameza utepe. Nitaona kama jirani ana nzuri.

Baba, nimekuwa nikizikumbuka Jumatatu zetu. Alasiri, mlango wa nyuma, Mwalimu na kofia yake mkononi, Mkunga na ule mfuko wa kazi ambao hakuuacha hata alipostaafu. Mimi napanga vikombe nikijifanya sisikii. Hawakuwahi kukusema Jumapili, wala mbele ya watu. Mwalimu alifundisha wachungaji lugha za kale miaka nenda rudi, angeweza kukuaibisha kabla hujashuka ngazi, lakini alisubiri mpaka chai ipoe. "Mchungaji, jana ulinijenga. Ila kuna jambo dogo. Yule mfalme uliyesema alimwandikia mtume barua, kati yao wamepita watu vizazi na vizazi. Labda posta ilichelewa." Ukacheka mpaka ukamwaga chai. Na siku ile ulipotufundisha kwamba mtoto tumboni anakula kwa mdomo kama sisi! Mkunga akakutazama kwa huruma: "Mchungaji, nimezalisha nusu ya mji huu. Sijamkuta hata mmoja na kijiko."

Ninachokikumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata. Ulisimama ukasema, "Wiki iliyopita nilikosea. Nina marafiki wanaojua nisichokijua, na wananipenda kiasi cha kuniambia. Namshukuru Mungu kwa ajili yao." Nilikuwa msichana mdogo tu, lakini siku ile niliketi wima kwenye benchi kama malkia.

Nikuulize: hayo mahubiri ya maziko, Mwalimu aliyasikia? Alisemaje?

Wako,
Chiriku


28 Machi

Chiriku,

Chiriku gani huyu anayeandika habari za msimamizi na za chumvi, halafu habari tunayoingojea haigusi? Mapumziko ya afya, afya gani? Mgeni wetu yuko salama? Shangazi yako hanipi raha. Jana ameninyang'anya kikombe mkononi akiniuliza kama nina uhakika nilisoma kurasa zote. Tujulishe.

Sisi ni wazima. Watu kanisani wamejaa mpaka tumetoa viti nje, wanasikiliza kupitia madirishani.

Umeuliza Mwalimu alisemaje. Hakusema kitu. Mwalimu anaumwaumwa, ni umri. Na zile Jumatatu, ili usisikie kwa wengine, tumezipumzisha. Si ugomvi. Ni kwamba mambo yamekua. Mtu akihubiria watu wachache chini ya paa moja ana nafasi ya kuvutwa masikio. Akihubiria miji, akionekana anayumba, miji inayumba naye. Mwaka jana Mwalimu alikuja akaniomba nisitoe kwanza kaseti fulani, eti kuna mstari nimeuweka kinywani mwa mtu ambaye hakuusema. Mstari mmoja, na fundi redio amekwisha kutoa nakala! Jumapili ile nikasema madhabahuni kwamba wapo watu ambao karama yao ni kukagua vumbi kwenye viatu vya mtumishi. Sikutaja jina. Kanisa lilicheka. Jumatatu yake hawakuja. Aliyekereka ndiye aliyejitaja.

Kwa kuwa mashine yenu inameza utepe, nikuandikie kiini cha mahubiri ya maziko. Niliwaambia wazazi wale: Mungu hapigi mahali patupu. Ni nani aliyewahi kuangamia hali hana kosa? Rudini nyumbani mkatafute, chini ya kitanda na ndani ya moyo, mpaka mkipate kilichofungua mlango. Yameandikwa hayo, sikuyatoa kichwani kwangu.

Fundi cherehani hajakanyaga kanisani tangu siku hiyo. Nasikia nyumbani kwake hakuna amani. Mama mkwe wake, yule bibi aliyekaa nao na kumlea mtoto, ameondoka. Huzuni nyingine hugeuka kiburi, tuwaombee.

Andika upesi.

Baba yako


20 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Naomba uisome ukiwa umeketi, na Shangazi umsomee baadaye, wewe mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Mgeni alikuja mapema mno. Ilikuwa Januari, siku chache kabla kaseti yako haijafika. Alikuwa msichana. Alipumua asubuhi moja. Mume wangu alimshika, mimi nilimshika, kisha muuguzi akafungua dirisha kidogo kwa sababu chumba kilikuwa na joto, na aliporudi kitandani yule mtoto alikuwa amekwisha kuondoka.

Nilikudanganya kuhusu mashine. Inafanya kazi vizuri sana. Kaseti ilipofika nilikuwa kitandani, maziwa yamejaa na hakuna wa kuyanyonya. Mume wangu akasema, "Tumsikilize Baba, sauti yake itakupa nguvu." Akaiweka. Mwanzoni nililia kwa furaha, maana ulikohoa kama unavyokohoa siku zote kabla ya kusali. Kisha ukaanza kusema na wale wazazi. Mume wangu aliinuka kuizima. Nikamwambia aiache. Nilitaka kujua baba yangu ananiambia nini.

Nikatafuta, Baba. Ulisema tutafute, nikatafuta. Nilikumbuka boksi nililobeba siku msimamizi alipokuwa hayupo. Nilikumbuka niligombana na wifi yangu kwa simu nikakata kabla hajamaliza. Nilikumbuka kwamba nilipojua nina mimba, siku ya kwanza, sikufurahi, niliogopa. Hilo nilikaa nalo wiki nyingi. Nililala nalo, niliamka nalo. Mume wangu akinigusa bega nilimwuliza, "Je, wewe ulifanya nini?" Mtu mpole kama yule. Aliondoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje.

Mwezi uliopita nilifungua Maandiko mwenyewe. Si kwa ushujaa. Nilitaka kusoma adhabu yangu ilivyoandikwa. Nikayapata maneno yako. Ni kweli yameandikwa. Lakini Baba, umetazama aliyeyasema? Si Mungu. Ni wale marafiki waliokuja kuketi na yule mtu mwenye haki aliyefiwa na watoto wake wote, wakaanza kumhukumu. Nikasoma mpaka mwisho wa kitabu. Mwishoni Mungu mwenyewe anawageukia na kuwaambia kwamba hawakusema yaliyo sawa.

Uliyachukua maneno ya washtaki ukatusomea kama ya Jaji.

Mwalimu angekuambia. Angekuja Jumatatu na kofia mkononi, angesifu kwanza, kisha angekuambia kuna jambo dogo, na kaseti isingetoka mtaani. Isingefika kitandani kwangu.

Sijui niandike nini zaidi. Usiniombee kwenye kaseti.

Binti yako


11 Juni

Mwanangu,

Sina salamu za kuanzia. Nilisoma barua yako nimeketi, kama ulivyoniambia. Shangazi yako nilimsomea. Hakulia mbele yangu. Alikwenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nimekuficha jambo, na sasa sina haki ya kuendelea kulificha. Mwalimu amefariki. Alifariki Aprili. Nilikuandikia kwamba anaumwaumwa, nami nilikuwa nimekwisha kusikia wanasema hatatoka hospitali. Sikwenda kumwona. Nilisema moyoni nitakwenda watu wakipungua. Aliacha neno kwamba azikwe na mchungaji wa kanisa la jirani. Watu waliniuliza kwa nini, nikawaambia nina safari. Siku ya maziko nilifunga mapazia nikakaa chumbani.

Liko jingine. Jumatatu baada ya maziko ya mtoto wa fundi, Mwalimu alikuja. Baada ya yote niliyomfanyia, alikuja, kwa mlango uleule wa nyuma, na fimbo, maana miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Mimi nilimwona dirishani. Nikamwambia shangazi yako amwambie nimelala. Alikaa kwenye kibaraza akipumzika, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya pazia kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Kisha akamwambia shangazi yako, "Mwambie mahubiri yalikuwa na nguvu sana, ndiyo maana nimekuja. Neno lenye nguvu likikosea njia linafika mbali. Ila nitarudi, asisumbuliwe." Shangazi yako aliniletea ujumbe huo neno kwa neno. Nikasema, "Wivu wa wazee." Hayo ndiyo niliyosema.

Hakurudi. Hakuweza tena.

Nilipoipata barua yako nilikwenda kwa Mkunga. Niliogopa kwamba na yeye atatuma mtu aseme amelala, na ingekuwa haki yangu. Alifungua mwenyewe. Alinitazama akasema, "Ingia, Mchungaji, umekonda." Nikamsomea barua yako, kwa maana singeweza kuieleza kwa maneno yangu. Akashika kifua. Alikuwa wa kwanza kukupokea duniani, usisahau. Ulipolia mara ya kwanza ulikuwa mikononi mwake. Nikamwuliza, "Ninyi wawili mlijua nimekosea. Kwa nini hamkunipigia kelele?" Akajibu, "Tungekupigia kelele ungesikia kelele. Mwalimu aliamini utafungua mlango. Aliamini mpaka hospitali."

Jana, Jumapili, nilisimama mbele ya kanisa. Niliwaambia yote: mstari niliouchukua nisikojua, Mwalimu kwenye kibaraza, pazia. Niliwaambia nilivyoanguka, na kwamba siwezi kulala. Nilipiga magoti. Kanisa zima lililia, watu walikuja mbele kunishika mikono, wengine walisema hawajawahi kuona unyenyekevu wa namna hiyo. Fundi redio aliniuliza kama atoe nakala, nikamwambia atoe, ili iwafikie wote waliosikia ile ya kwanza. Nadhani mzigo umeanza kushuka.

Naomba unisamehe. Siombi unijibu upesi.

Baba


30 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimepokea barua yako. Nimeisoma habari ya Mwalimu. Siku nzima nimekuwa nikishona soli vibaya, msimamizi amenirudishia jozi baada ya jozi.

Nina swali moja tu. Baada ya Jumapili hiyo, Mkunga alisemaje Jumatatu?

Chiriku


4 Agosti

Chiriku wangu,

Natumaini wewe na mume wako mnaendelea. Shangazi yako anasema nikuambie paa la jikoni limetengenezwa na fundi wa kweli safari hii, si mimi, na halivuji. Anakusalimu kwa jina lako la utotoni, lile usilolipenda.

Swali lako ni fupi, jibu lake limenichukua mwezi mzima.

Mkunga alikuja ile Jumatatu. Sikumtarajia. Alikaa, akanywa chai yake yote, akasifu chai. Kisha akasema, "Mchungaji, jana nililia nawe. Ila kuna jambo dogo."

Mwanangu, nilidhani nimekwisha kuvunjika pote pa kuvunjika. Nilitaka kumwambia, hata toba yangu? Nikauma ulimi.

Akasema, "Ulituambia wewe huwezi kulala. Ulituambia wewe ulivyoanguka, wewe ulivyojificha, wewe ulivyoumia. Yule mama aliyezika mtoto ulimtaja mara ngapi?"

Nikatafuta kichwani. Nilikuwa nimemtaja mara moja, mwanzoni, ili watu waelewe hadithi inahusu nini.

Akaongeza, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto: "Na hakuwepo. Umeomba radhi mahali ambapo uliyemkosea hayupo, watu wakakupangusa machozi wewe. Sasa hiyo nayo inakwenda kwenye kaseti." Nilikwenda kwa fundi redio siku hiyohiyo. Alikuwa ametoa nakala, lakini zilikuwa bado dukani. Hizo hazikutoka.

Kisha nikaenda kwa fundi cherehani. Duka liko wazi, anafanya kazi. Alikuwa anapima suruali ya mteja, akaendelea kupima. Mteja alipoondoka nikamwambia nimekuja kwa nini. Nilimwambia kwa maneno machache, kwamba maneno niliyowasomea hayakuwa ya Mungu, na kwamba mtoto wao hakufa kwa kosa la mtu yeyote ninayemjua mimi au anayemjua mwingine. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Mkewe alitoka nyuma ya pazia la duka. Alikuwa amesikia.

Akasema, "Tulitafuta, Mchungaji. Ulisema tutafute."

Ndipo nikaelewa yule bibi aliondokaje. Walikuwa wametafuta chini ya kitanda na ndani ya moyo, wasipate kitu. Na mtu akiambiwa na mtumishi wa Mungu kwamba kitu kipo, asipokipata atakitengeneza. Fundi alimgeukia mama mkwe wake. Bibi ndiye aliyekuwa na mtoto siku homa ilipoanza. Bibi ndiye aliyesema, "Tungoje kidogo, itashuka." Wakambebesha. Mke akajaribu kumtetea mama yake, mumewe akamwambia basi ni wewe, naye akanyamaza. Bibi alifunga nguo zake akaenda kwa ndugu yake, mji mwingine. Hakuna aliyemsindikiza.

Niliwaambia nitakwenda nao. Tulikwenda watatu. Njiani tuliulizana tu kama dirisha la basi lifungwe.

Bibi alitukaribisha vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alitupa viti, yeye akaketi kitandani. Chumba kidogo, kisafi, picha ya mjukuu ukutani. Nikasema niliyokwenda kusema. Alisikiliza akiwa amefumbata mikono mapajani. Nilipomaliza akasema, "Asante kwa kuja, Mchungaji. Wewe ulikosea kitabu." Kisha akamwangalia mkwe wake. "Huyu alinikosea mimi."

Fundi alipiga magoti. Bibi alimwekea mkono kichwani, akauacha pale kwa muda. Binti yake akamwomba warudi wote nyumbani. Akakataa. Alisema hana kinyongo, ila katika ile nyumba kila mlango ukifunguka ataogopa kwamba wanamtazama. Aliwaomba wamtembelee. Akatusindikiza mpaka barabarani.

Wakati wa kurudi, mke wa fundi alikaa kiti cha peke yake. Nasikia wanaishi, wanaongea, anamtembelea mama yake kila anapopata nafasi. Sijui zaidi, na sikuuliza. Mkunga aliniambia nisiulize. "Usigeuze jeraha lao kuwa mahali pa kwenda kujipima kama umepona," alisema. Hata hilo sikulijua.

Mwanangu, namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu, na shukrani yenyewe inaniuma, kwa sababu walikuwa wawili. Miaka yote ile nilidhani ninawavumilia. Kumbe wao ndio walionivumilia. Kila Jumatatu walizuia jambo kama hili lisitokee, mimi nikiona wananipotezea alasiri. Nilikwenda kaburini kwa Mwalimu. Nilitaka kumwambia kitu. Nikaanza kusema, nikasikia nimeanza kuhubiri, nikanyamaza. Nikang'oa majani nikaondoka.

Mkunga amenipa maneno yako. Alinilazimisha niyaandike mbele yake kisha nimsomee, asije mchungaji akayapamba. Haya hapa:

"Mwambie Chiriku, boksi halikumtoa mtoto. Nimezalisha wanawake waliobeba maji na kuni na mifuko ya saruji mpaka siku ya uchungu. Kugombana na wifi hakukumtoa, kama kungetoa, dunia isingekuwa na watu. Na kuogopa siku ya kwanza, wengi wanaogopa, ila hawasemi. Nami niliogopa kwa wa kwangu wote. Wakati mwingine mtoto anakuja kabla ya wakati na hakuna ajuaye sababu. Anayejifanya anajua, mkimbie, hata akiwa baba yako. Muulize maziwa yalikauka vizuri? Anakula? Analala upande wa mumewe?"

Hayo ni yake. Mimi sina ya kuongeza.

Baba


2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Shikamoo Shangazi. Nimelisoma hilo jina la utotoni, nimemsikia kabisa akiliita.

Nisamehe, nilisoma maneno ya Mkunga kwanza, yako baadaye. Nilimsomea mume wangu kwenye ngazi za nje. Ile ya wifi alicheka, mara ya kwanza tangu Januari. Kisha hatukucheka. Mwambie Mkunga: yalikauka, ninakula, na kuhusu upande wa kulala, ndiyo, tangu wiki mbili zilizopita.

Baba, sijakusamehe kwa namna unayoweza kuitolea ushuhuda. Kuna siku ninaisikia ile sauti nikiwa kwenye mashine ya kushona, "tafuteni," na ni sauti ileile iliyonifundisha kusali. Siwezi kuzitenganisha. Labda nitaweza.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu huko. Mtoto alikuwa na masikio ya Mama. Madogo, yamebana kichwani, yale uliyokuwa ukimtania marehemu kwamba yanafaa siri tu. Muuguzi alimfunika nikamfunua tena ili niyatazame. Hapa hakuna mtu aliyemjua Mama. Nikisema "masikio ya mama yangu," wanaitikia kwa heshima, basi. Ni wewe tu unayeweza kujua nilichokiona.

Kwa hiyo njoo. Kaburi liko mwisho wa barabara yetu, nyuma ya karakana ya reli, mahali pa kawaida tu. Mume wangu amepanda majani ya kijani ambayo hatujui jina lake. Usije na Maandiko, tunayo. Usiandae neno. Ukija nitakuonyesha mahali, nawe uniambie habari za Mama alipokuwa msichana, na kama kuna jambo hulijui, useme hulijui.

Mkunga naye, kama miguu yake inaweza safari, mwombe aje. Nataka anishike.

Chiriku